Mamba wa Kijani: Bursa na Klabu Iliyoitwaa Uturuki, Kisha Ikaporomoka

Usiku wa tarehe 16 Mei 2010, mashabiki wa Fenerbahçe walimiminika uwanjani Kadıköy, upande wa Istanbul ulioko Asia, wakikumbatiana na kulia kwa furaha. Mtangazaji wa uwanja alikuwa amewaambia kwamba kule Bursa matokeo ni sare ya 2–2. Kwa hesabu hiyo, sare yao ya 1–1 dhidi ya Trabzonspor iliwatosha kuwa mabingwa wa Uturuki. Dakika chache baadaye ukweli ukafika: Bursa ilikuwa imeifunga Beşiktaş 2–1. Furaha ikageuka ghadhabu, viti vikachomwa moto, na wachezaji wakakimbilia vyumbani. Upande wa pili wa Bahari ya Marmara, mji mzima ulikuwa barabarani. Klabu ambayo haikuwahi kutwaa ubingwa tangu kuzaliwa kwake ilikuwa imeinyang'anya Istanbul taji.

Miaka 14 baadaye klabu hiyohiyo ilikuwa ikicheza ligi ya daraja la nne.

Kabla ya 1963: mji mkubwa usio na timu

Bursa si mji wa kubezwa. Waosmani waliutwaa mwaka 1326 wakaufanya makao yao makuu, na masultani wao wa mwanzo wamezikwa huko. Kwa karne nyingi uliishi kwa hariri, na hadi leo Koza Han, soko la kale la vifuko vya nondo wa hariri, linasimama katikati ya mji. Nyuma yake umeinuka mlima Uludağ wenye urefu wa mita 2,543, na kileleni theluji hukaa miezi mingi ya mwaka.

Katika kandanda, hata hivyo, Bursa ilikuwa mtazamaji. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1959, ilichezwa na klabu za miji mitatu tu: Istanbul, Ankara na Izmir. Miji mingine ilikuwa na utitiri wa klabu ndogo za ridhaa, kila moja na mtaa wake, wafadhili wake na chuki zake kwa jirani. Hakuna hata moja iliyokuwa na ubavu wa kugharimia safari za nchi nzima, sembuse kuwalipa wachezaji mishahara.

Mabadiliko yalitoka juu. Shirikisho la soka, chini ya Orhan Şeref Apak, lilianzisha ligi ya pili ya kulipwa mwaka 1963, likaihimiza miji ya mikoani iunganishe klabu zake ndogo na kuunda timu moja yenye jina la mji. Katika muda mfupi ramani ya soka ya Uturuki ikajaa majina ya namna moja: Eskişehirspor na Samsunspor mwaka 1965, Kayserispor mwaka 1966, Trabzonspor mwaka 1967.

Bursa ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuitika. Tarehe 1 Juni 1963 klabu tano, yaani Acar İdman Yurdu, Akınspor, Çelikspor, İstiklal na Pınarspor, zilijivunja zenyewe na Bursaspor ikazaliwa. Rangi zilitoka katika mandhari ya mji: kijani cha mabonde na bustani zake, na cheupe cha theluji ya Uludağ.

Mpango huo ulikuwa na makali pande mbili. Timu moja kwa mji mmoja ilimaanisha kwamba kila mechi ya ugenini ni mji dhidi ya mji. Septemba 1967, katika mechi ya Kayserispor na Sivasspor mjini Kayseri, vurugu za mashabiki ziliua zaidi ya watu 40. Uzalendo uliowaunganisha wafanyabiashara, madiwani na vijana wa mitaani chini ya bendera moja ungeweza pia kuwa bomu, na Bursa nayo ingekuja kulijua hilo.

1967–1986: viwanda, fainali na kombe la kwanza

Bursaspor ilihitaji misimu minne tu kupanda. Ilitwaa ubingwa wa ligi ya pili mwaka 1967 na kuingia ligi kuu, ambako ingekaa misimu 37 bila kushuka.

Mji nao ulikuwa ukibadilika. Mwaka 1971 kiwanda cha Tofaş kilianza kuunda magari kwa leseni ya Fiat, na mwaka huohuo Oyak-Renault ikaanza kutoa Renault 12. Wafanyakazi walimiminika kutoka Anatolia, wakawakuta wahamiaji wa Kituruki waliotoka nchi za Balkani kwa mawimbi tofauti. Kwa mtu aliyetoka kijijini au aliyevuka mpaka wa Bulgaria na sanduku moja, jukwaa la uwanjani lilikuwa mahali pa haraka kabisa pa kuwa mwana-Bursa.

Ndani ya uwanja timu ilikuwa ya kuheshimika lakini haikuwa tishio la ubingwa. Ilifika fainali ya Kombe la Uturuki mwaka 1971 ikafungwa na Eskişehirspor. Mwaka 1974 ilifika tena ikafungwa na Fenerbahçe. Kipigo hicho cha pili kilikuwa na fidia. Kwa kuwa Fenerbahçe ilikuwa pia bingwa wa ligi na iliingia Kombe la Klabu Bingwa, nafasi ya Kombe la Washindi Barani Ulaya iliiangukia Bursa.

Wageni hao wa Ulaya waliwatoa Finn Harps wa Ireland, kisha Dundee United wa Uskoti kwa bao moja katika mechi mbili, wakatinga robo fainali. Huko wakakutana na Dynamo Kyiv ya kocha Valeriy Lobanovskyi na mshambuliaji Oleg Blokhin. Bursaspor ilifungwa 1–0 nyumbani na 2–0 ugenini. Dynamo ikaenda kulitwaa kombe lenyewe, na Blokhin akachaguliwa mchezaji bora wa Ulaya wa mwaka 1975.

Kombe la Uturuki lilikuja hatimaye mwaka 1986, baada ya ushindi wa 2–0 dhidi ya Altay ya Izmir. Tuzo ikawa safari nyingine ya Ulaya, na bahati ikawa ileile. Mpinzani wa raundi ya kwanza alikuwa Ajax ya kocha Johan Cruyff na nahodha Marco van Basten. Bursaspor ilipigwa 2–0 na 5–0, na Ajax nayo ikamaliza msimu na kombe mkononi. Mara mbili Bursa ilikuwa imetoka nje kwa mkono wa bingwa mtarajiwa.

Wakati huohuo mji mwingine wa mkoani ulikuwa umeonyesha kwamba Istanbul inafungika. Trabzonspor, kutoka pwani ya Bahari Nyeusi, ilitwaa ubingwa mara sita kati ya 1976 na 1984. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Kwa misimu 25 iliyofuata taji la ligi lilizunguka kwa Galatasaray, Fenerbahçe na Beşiktaş tu.

Miaka ya 1990: mamba, undugu wa Ankara na Mganda

Katikati ya miaka ya 1990 wachezaji wa Bursaspor walibuni namna yao ya kushangilia bao: walijipanga kwa mstari, wakalala chini na kutambaa kwenye nyasi kama mamba mmoja mrefu. Mashabiki waliipenda, magazeti yakaipenda zaidi, na tangu hapo timu ikaitwa Mamba wa Kijani. Mwaka 1995 mamba hao walicheza Kombe la Intertoto hadi wakatolewa na Karlsruhe ya Ujerumani kwa mikwaju ya penalti.

Jukwaani, kundi la mashabiki lililojiita Teksas lilijijengea sifa ya kelele na ukorofi. Lakini ni katika miaka hiyo pia ulipozaliwa urafiki usio wa kawaida katika soka la Uturuki. Kijana mmoja aliyekuwa kiongozi wa mashabiki wa Bursaspor, ambaye alisoma Ankara na kupata marafiki miongoni mwa mashabiki wa Ankaragücü, aliuawa akiwa katika utumishi wa jeshi mwaka 1993. Mashabiki wa Ankaragücü walikuja kumzika. Tangu siku hiyo pande hizo mbili zinajihesabu ndugu. Namba za magari za Ankara huanza na 06 na za Bursa na 16. Basi dakika ya sita ya mechi jukwaa la Bursa huimba jina la Ankaragücü, na dakika ya 16 jukwaa la Ankara huimba la Bursaspor.

Mwaka 1997 alifika mchezaji ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wanamjua vizuri. Majid Musisi, mfungaji hodari wa SC Villa ya Kampala na timu ya taifa ya Uganda, alikuwa ameng'ara Rennes ya Ufaransa kabla ya kuhamia Bursa. Enzi hizo mchezaji wa ukanda wetu aliyelipwa kucheza Ulaya alikuwa nadra, na kila bao lake lilikuwa habari Kampala. Musisi alifariki dunia mwaka 2005, akiwa bado hajafika miaka 40.

2004–2009: kushuka, kurudi na kocha aliyekataliwa Istanbul

Msimu wa 2003–04 mkondo wa miaka 37 ulikatika. Bursaspor ilishuka daraja. Mashabiki walitafuta wa kulaumu wakaiona Beşiktaş, waliyoituhumu kutocheza kwa dhati dhidi ya mpinzani wao katika vita vya kubaki ligi kuu. Kuanzia hapo mechi za Bursa na Beşiktaş zikawa miongoni mwa mechi chungu kabisa nchini. Mei 2011 mechi yao mjini Bursa ilifutwa kabla ya kuanza kwa sababu ya ghasia.

Kushuka kuliusafisha uwanja. Timu ilirudi ligi kuu mwaka 2006 ikiwa bingwa wa daraja la chini, na shule yake ya vijana ikaanza kuzaa matunda: winga Volkan Şen na mshambuliaji Sercan Yıldırım walikuwa watoto wa mji. Mapema mwaka 2009 mwenyekiti İbrahim Yazıcı akamkabidhi timu Ertuğrul Sağlam.

Sağlam alikuja na kovu. Akiwa kocha wa Beşiktaş, Novemba 2007, aliketi benchi Anfield siku Liverpool ilipoifunga timu yake 8–0, na mwaka uliofuata akaondoka baada ya kutolewa Ulaya na Metalist ya Ukraine. Istanbul ilishamhesabu kuwa amekwisha. Bursa ilimpa muda, na yeye akaipa timu umbo.

Kikosi chake hakikuwa na jina la kutikisa. Golini alikaa Mbulgaria Dimitar Ivankov, kipa aliyekuwa na mazoea ya kupiga penalti. Nahodha alikuwa beki Ömer Erdoğan. Katikati walicheza Mserbia Ivan Ergić, aliyetokea Basel, na Muajentina mfupi Pablo Batalla, ambaye pasi zake ndizo zilizofungua ngome za wapinzani. Pembeni Volkan Şen na Ozan İpek walikimbia kama waliokuwa wakifukuzwa.

2010: ubingwa

Msimu wa 2009–10 haukuwa safi pande zote. Mechi ya kwanza dhidi ya Diyarbakırspor, timu ya mji mkubwa wa Wakurdi, ilichezwa Bursa katikati ya matusi ya kikabila kutoka jukwaani. Ile ya marudiano, Machi 2010 mjini Diyarbakır, ilivunjika katika dakika za mwanzo kwa mvua ya mawe, na Bursaspor ikapewa ushindi wa mezani wa 3–0. Uhasama huo haukuisha na msimu ule.

Kwenye msimamo, mamba waliendelea kutambaa nyuma ya vigogo bila kuachwa. Galatasaray na Beşiktaş zilianguka njiani. Ilipofika siku ya mwisho, Fenerbahçe ilikuwa na pointi 73 na Bursaspor 72. Fenerbahçe ya kocha Christoph Daum ilihitaji ushindi mmoja, nyumbani, dhidi ya Trabzonspor. Daum mwenyewe alikuwa amewahi kuupoteza ubingwa siku ya mwisho na klabu hiyohiyo, mwaka 2006, kwa sare ya 1–1 ugenini Denizli.

Fenerbahçe ilipata bao la kuongoza mapema. Kisha Burak Yılmaz, ambaye Fenerbahçe yenyewe ilikuwa imemwacha aende Trabzon, akasawazisha. Mashambulizi ya kipindi cha pili yalikwama kwa kipa na milingoti. Kule Bursa, Beşiktaş, mpinzani yuleyule aliyechukiwa tangu 2004, ilikuwa imeshalala. Mabingwa wa mwaka uliotangulia ndio waliokuwa wakizikwa. Hesabu ya mwisho ilisoma Bursaspor 75, Fenerbahçe 74.

Bursaspor ikawa klabu ya tano tu kutwaa ligi ya Uturuki, na ya pili kutoka nje ya Istanbul. Tarehe yenyewe, 16, ndiyo namba ya magari ya Bursa, na hakuna mwana-Bursa aliyeacha kulitaja hilo usiku ule.

2010–2015: bili ya ubingwa

Ubingwa ulifungua mlango wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, na nyuma ya mlango huo walisimama Manchester United, Valencia na Rangers. Mechi ya kwanza, nyumbani, Valencia ilishinda 4–0. Kule Hispania mambo yakawa 6–1. Manchester United ilichukua ushindi mara mbili. Pointi ya pekee ilipatikana mwishoni, sare ya 1–1 na Rangers, kwa bao la Sercan Yıldırım. Mechi sita zilitoa mabao mawili ya kufunga na 16 ya kufungwa.

Ligini timu ilimaliza ya tatu mwaka 2011, nafasi ambayo miaka michache nyuma ingesherehekewa kwa wiki nzima. Lakini kipimo kilikuwa kimebadilika. Mji ulioonja ubingwa ulitaka kuonja tena, na kila uongozi mpya uliingia ukiahidi hivyo. Mishahara ikapanda na mikataba ya wageni ikaongezeka.

Mapato hayakupanda kwa kasi ileile. Katika mgawo wa fedha za televisheni nchini Uturuki, sehemu moja hugawanywa kwa idadi ya mataji ambayo klabu imetwaa katika historia yake. Klabu yenye mataji karibu 20 huvuna kila mwaka, ishinde au isishinde. Bursaspor ilikuwa na taji moja. Ushindani wa msimu mmoja inawezekana kuukabili kwa moyo. Ule wa miaka kumi hulipiwa.

Mwaka 2012 ilifika fainali ya Kombe la Uturuki ikafungwa 4–0 na Fenerbahçe. Mwaka 2013 Yazıcı alifariki dunia akiwa bado mwenyekiti, na viti vya uongozi vikaanza kubadilishana watu kwa haraka.

Kulikuwa na mwanga mmoja wa mwisho. Msimu wa 2014–15, chini ya kocha Şenol Güneş, Bursaspor ilicheza soka la kushambulia lililowavutia hata wasio wake. Mbrazili Fernandão alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 22. Volkan Şen alikuwa amerudi, Ozan Tufan alitawala kiungo, na Enes Ünal, mtoto wa Bursa aliyeifunga Galatasaray akiwa na miaka 16, alitajwa kote Ulaya. Fainali ya kombe ilipangwa kuchezwa Bursa kwenyewe. Galatasaray ilishinda 3–2, na mabao yote matatu yalifungwa na Burak Yılmaz, mtu aliyewapa Bursa ubingwa miaka mitano kabla.

Kiangazi hicho kikosi kilisambaratika. Güneş alikwenda Beşiktaş. Fernandão, Volkan Şen na Ozan Tufan walikwenda Fenerbahçe. Ünal alinunuliwa na Manchester City. Desemba 2015 klabu ilihamia uwanja mpya wenye umbo la mamba na viti zaidi ya 43,000, bila watu waliofanya ujenzi huo uonekane wa lazima.

2019–2024: ngazi baada ya ngazi

Mei 2019 Bursaspor ilishuka daraja. Haikuwahi kutokea tangu ligi ya taifa ianze kwamba klabu iliyowahi kuwa bingwa wa Uturuki ishuke.

Msimu wa kwanza katika daraja la pili ilifika mtoano wa kupanda, ikatolewa na Adana Demirspor. Huo ndio uliokuwa mwanya wake. Baada ya hapo madeni yakaanza kuamua kikosi: wachezaji na makocha wa zamani waliodai mishahara walishinda kesi zao, na klabu ikafungiwa kusajili. Msimu wa 2020–21 ilijaza timu vijana wa shule yake, nao wakapambana wakaiokoa. Waliofanya vizuri waliuzwa au waliondoka, na mwaka 2022 klabu ikaangukia daraja la tatu.

Huko ikakutana na Amedspor, timu ya Diyarbakır. Tarehe 5 Machi 2023 mechi yao mjini Bursa ikawa aibu ya kitaifa. Fataki, chupa na vitu vya chuma viliwarukia wageni, na jukwaani zikainuliwa picha za watu na magari yanayohusishwa na mauaji ya Wakurdi ya miaka ya 1990. Klabu iliadhibiwa kucheza bila mashabiki, na mapato ya mlangoni, moja ya vyanzo vichache vilivyobaki, yakakauka.

Mwaka 2024 ilishuka tena, hadi daraja la nne, ngazi ya mwisho ya soka la kulipwa Uturuki. Ndani ya miaka mitano ilikuwa imeshuka mara tatu.

2024–2025: daraja la nne mbele ya umati

Lililofuata liliwashangaza hata wachambuzi wa Istanbul. Uongozi mpya uliwaita wafanyabiashara wa mji, ukalipa madeni yaliyokuwa yakizuia usajili, na marufuku ikaondolewa. Pablo Batalla, mchezeshaji wa timu ya ubingwa, alirudi mwaka huo akiwa kocha. Mashabiki walinunua tiketi kana kwamba Valencia ndiyo inayokuja, na makumi ya maelfu wakaujaza uwanja wa mamba kutazama wapinzani wa miji midogo ambao wengi wao hawajawahi kucheza mbele ya watu 5,000. Katika wikiendi kadhaa mechi ya daraja la nne mjini Bursa ilivuta watu wengi kuliko mechi nyingi za ligi kuu.

Batalla hakumaliza safari hiyo kwenye benchi, lakini timu iliongoza kundi lake na mwaka 2025 ikapanda hadi daraja la tatu. Kati yake na ligi kuu zilibaki ngazi mbili. Fedha za kuzipanda zilitegemea njia ileile ya Juni 1963: mifuko ya mji wenyewe, viwanda vyake, maduka yake na watu wake wanaokata tiketi.